Siku Tisini za Slaidi

Kuna watu wakiudhiwa wanalia. Kuna wanaoweka mafumbo kwenye status, "wengine tunawaombea tu", halafu wanakaa kuhesabu nani kaangalia. Na kuna Nipo. Nipo akiudhiwa ananyamaza, anatabasamu, anakuuliza kama umekula. Ukiona hivyo, ndugu yangu, usijibu. Kimbia.

Jina lake la kwenye cheti halituhusu. Aliitwa Nipo kwa sababu hilo ndilo lilikuwa neno lake la kwanza kila akipokea simu. Kampuni ilikuwa inatunza lifti za majengo zaidi ya mia, na ukikwama ndani ukabonyeza kile kitufe chenye alama ya kengele, simu ilikuwa inaita mezani kwake. "Nipo," anakwambia, na wewe uliyekuwa unakwangua mlango kwa kucha unaacha kwanza, unasikiliza. Walikuwa watatu wanaopokezana zamu, ila mkongwe alikuwa yeye. Miaka tisa.

Miaka tisa ya kusikiliza watu waliofungiwa kwenye kabati la chuma inakufundisha mambo. Dakika ya kwanza mtu anatania. Dakika ya tatu anatukana: kwanza kampuni, halafu umeme, halafu wewe. Dakika ya saba ananyamaza, na hapo ndipo pa kuogopa. Wakitoka hapo wengine wanaungama. Kuna baba mmoja alimmwagia Nipo siri za nyumba yake zote, fundi alipofungua mlango akachomoka bila kuaga, na mwaka uliofuata alipokwama tena akabadilisha sauti.

Yote hayo Nipo alikuwa anayaandika kwenye daftari lake la kijani. Lifti ipi inagoma mvua ikinyesha. Maneno gani yanatuliza, yapi yanachoma. "Usimuulize mtu kama anaogopa. Ukimuuliza ataanza." Hatua kwa hatua, kwa mwandiko wake wa kulalia kushoto, na pembeni mambo yake madogo ya nyumbani, kama sote tunavyofanya.

Sasa aje Slaidi.

Slaidi alikuwa Meneja wa Ubunifu. Msiniulize alikuwa anabuni nini. Jina alilipata kwa sababu hakuwa na uwezo wa kukusalimia bila slaidi tatu na mshale unaopanda juu. Miaka miwili nyuma alimjia Nipo na sauti ya asali: "Dada yangu kipenzi, niazime hilo daftari siku mbili." Siku mbili zikawa miezi miwili. Daftari likarudi na duara la kikombe cha kahawa kwenye jalada, na nyuma yake ukatoka Mwongozo wa Huduma kwa Abiria Aliyekwama, karatasi za kung'aa, ukurasa wa kwanza Slaidi kakunja mikono anaangalia mbali kama mtu anayesubiri kupigwa sanamu. Ndani, hatua kwa hatua, ni Nipo mtupu.

Mwongozo ukapata tuzo. Siku ya sherehe Slaidi akaitwa jukwaani, akageuka, akaona mtu wa karibu ni Nipo. Akavua koti.

"Nishikie, dada. Lisijikunje."

Nipo akasimama na lile koti mkononi sherehe nzima, kama msumari wa ukutani. Slaidi akapewa tuzo ya kioo yenye jina lake na ofisi yenye dirisha. Ile ofisi ilikuwa chumba cha simu. Watu wa simu wakahamishiwa chini ya ngazi, palipokuwa pakihifadhiwa mafagio, na fagio moja lilibaki humohumo, halikuhama. Nipo akatabasamu, akamuuliza Slaidi kama amekula.

Lakini kulikuwa na kitu. Ukiufungua ule Mwongozo ukurasa wa tano, hatua ya kumi na nne, unasoma hivi: "Miwani ya shangazi. Fremu nyeusi, si ya kahawia, asije akanuna."

Msicheke kwanza. Slaidi alipora kila kitu, na mambo ya pembeni humohumo, akayapa namba, akayapeleka kiwandani yakachapwa. Miaka miwili hati rasmi ya kampuni inamwagiza kila mhudumu ashughulikie miwani ya shangazi, na wakubwa hawajui, kwa sababu wakubwa wanapenda jalada. Mafundi ndio walijua. Wakimaliza kazi wanaulizana, "Hatua ya kumi na nne tayari?" wanacheka mpaka wanashika kuta. Nipo hakucheka. Alijifunza kitu kimoja akakifungia kifuani: huyu bwana hasomi kupita ukurasa wa kwanza.

Mwaka huu Mkurugenzi akarudi kutoka kwenye mkutano na wazo. Kampuni za wenzetu zina programu ya simu, na sisi tuwe nayo. Abiria akikwama abonyeze simu yake, programu ijue yuko lifti gani, imwite fundi wa karibu, na sauti ya mashine imtulize. Slaidi akapewa wiki moja aandike waraka wa mradi: tatizo ni lipi, programu ni ya nani, itafanya nini, haitafanya nini, na tutajuaje kama imefaulu. Kurasa tatu.

Jumatatu asubuhi akainama kuingia chini ya ngazi.

"Dada yangu kipenzi!"

"Karibu, bosi. Angalia kichwa, hapo pana boriti."

Alishajigonga.

"Nina kakazi kadogo," akasema huku anajisugua paji la uso. "Wewe hawa watu wa lifti unawajua kuliko mtu yeyote. Niandikie tu huo waraka kama unavyoongea. Mimi nitaupiga pasi."

"Na hiyo programu ikianza, sisi wa simu tunakwenda wapi?"

Slaidi akaliangalia lile fagio la kwenye kona kana kwamba lina jibu. "Aa, hapo... mtaangaliwa. Kampuni ni familia."

"Familia."

"Kabisa."

Nipo akatabasamu. "Umekula, bosi?"

"Bado. Kwa nini?"

"Nauliza tu."

Mnakumbuka nilisema nini kuhusu hilo swali. Bahati mbaya Slaidi hakuwa na mtu wa kumwambia.

Nipo alikuwa anaishi na shangazi yake, vyumba viwili mwisho wa korido, mlango unaofungwa kwa kuunyanyua kidogo. Shangazi alikuwa mpiga chapa mstaafu. Miaka thelathini alipiga hukumu, mikataba na wosia za watu, na alikuwa anakumbuka mistari ya hati za zamani kama wengine wanavyokumbuka nyimbo za harusi yao. Alimsikiliza Nipo mpaka mwisho, miwani ya fremu nyeusi imeshuka puani.

"Kwa hiyo anataka uchimbe kaburi lako mwenyewe," akasema, "na jembe uende nalo."

"Kesho namkatalia."

"Ukikataa ataandikiwa na mwingine, na wewe utatoka vilevile. Andika."

"Shangazi!"

"Andika, nimesema. Mwizi wa nguo humvui njiani, mwanangu. Mwache azivae, afunge vifungo vyote, halafu mwite uwanjani." Akasukuma miwani juu. "Huyu mtu anasoma?"

"Ukurasa wa kwanza."

"Basi una kurasa mbili nzima! Mimi nimeona mtu kapoteza shamba kwa mstari mmoja. Mwanzo watu wanasoma kwa heshima, mwisho wanasoma kwa haraka. Katikati ndiko yanakolala mauti."

Jioni tatu walikaa kwenye meza ileile, Nipo anaandika, shangazi anasahihisha nukta. Ukurasa wa kwanza ulikuwa sukari tupu: "mageuzi", "kasi", "dunia ya leo", vitu vya kumpa Slaidi usingizi mzuri. Ukurasa wa pili na wa tatu ndiyo kazi yenyewe. Na hapa ndipo mnapotakiwa kumwogopa huyu dada: hakuandika uongo hata mstari mmoja. Ulikuwa waraka mzuri kuliko wote uliowahi kuandikwa katika kampuni ile.

Kwenye tatizo aliandika: "Mtu aliyekwama hakukosa fundi tu. Amekosa mtu." Kwenye kipimo aliandika kwamba mlango ukishafunguliwa, programu imuulize abiria swali moja: Ulijisikia uko na mtu? Ndiyo au Hapana. Kufaulu ni Ndiyo tisa katika kila kumi.

Halafu ikaja ile aya. Nainukuu yote kwa sababu inastahili fremu:

"Sauti ya mashine itatengenezwa kutokana na maneno yaliyothibitika kutuliza abiria. Kwa hiyo, kwa siku tisini, katika majengo ishirini ya majaribio, simu zote za programu zitapokelewa na mwenye mradi mwenyewe, kwa sauti yake, saa zote, bila kumkabidhi mtu mwingine. Muda huu hautapunguzwa. Kipimo kikifikiwa, chumba cha simu kitafungwa. Kisipofikiwa, kitabaki."

Chini kabisa: "Mwenye mradi", na mstari mtupu wa kuweka sahihi.

Shangazi akaisoma mara mbili. Mara ya pili hakutabasamu. "Akifikia tisa?"

"Natoka. Na nitakuwa nimejitoa kwa mkono wangu."

"Mwongozo anao. Daftari lako lote liko mle."

"Si lote," Nipo akasema.

Kulikuwa na kitu kimoja hakuwahi kukiandika, kwa aibu. Nipo alikuwa hamtulizi mtu. Alikuwa anamwomba msaada. "Nipo. Fundi yuko njiani. Sasa, samahani, nisaidie kitu: nimenunua kitambaa cha mapazia, bluu na kijani vyote vizuri, wewe ungechukua kipi?" Mtu aliyekuwa anakata roho anashangaa. Anauliza ukuta una rangi gani. Anakwambia kijani kinaleta giza. Mlango ukifunguliwa bado anabisha. Mtu anayeombwa msaada anasahau kwamba amekwama, lakini utaandikaje hivyo kwenye daftari la kazi? Kwamba miaka tisa kampuni inakulipa uzungumze mapazia?

Alhamisi akaukabidhi. Slaidi akabadilisha rangi ya vichwa vya habari, akabandika picha yake ya mikono iliyokunjwa, akafungua ukurasa wa mwisho, akaona mstari, akatia sahihi yenye mkia mrefu kama wa tumbili. Vifungo vyote, mpaka cha shingoni.

Ijumaa mkutano. Mkurugenzi alikuwa mwalimu kabla hajaoa kwenye familia yenye kampuni, na ualimu haukuwa umemtoka: kila hati alikuwa anaisoma kwa sauti, amesimama, kidole kwenye mstari. Slaidi alikaa kulia kwake anaitikia kama kwaya.

"'Mtu aliyekwama hakukosa fundi tu. Amekosa mtu.'" Mkurugenzi akatua kidogo. "Hii nzito."

"Kabisa," akasema Slaidi, naye ndiyo anaisikia kwa mara ya kwanza.

"'Simu zote za programu zitapokelewa na mwenye mradi mwenyewe...'"

"Kabisa."

"'...kwa sauti yake, saa zote...'"

"Kab..."

"'...bila kumkabidhi mtu mwingine. Muda huu hautapunguzwa.'" Mkurugenzi akaushusha waraka. Macho yalikuwa yamemlowa, naapa. "Miaka yote niliyokaa kwenye kiti hiki, sijaona meneja anayeutoa mwili wake namna hii."

Makofi. Nipo, aliyeitwa akae mwisho wa meza kwa niaba ya watu wa simu, alipiga mpaka viganja vikamwasha.

Slaidi akamkamata kwenye korido. "Wewe! Umeniandikia nini?"

"Kama ninavyoongea, bosi. Wewe si ulisema utapiga pasi?"

Vijana wa kompyuta wakatengeneza programu ndani ya wiki sita, na siku ya kwanza ya majaribio simu ya Slaidi ikalia akiwa bafuni na sabuni machoni. Akakimbilia Mwongozo wake. Sauti ikawa ya matangazo: "Mpendwa abiria, tafadhali taja kiwango chako cha wasiwasi, moja hadi tano."

"Ilikuwa mbili," abiria akajibu. "Umeongea wewe, sasa nne."

Hakuna abiria aliyemvumilia kupita hatua ya tatu. Wengine walikata simu wakaona afadhali ukimya. Slaidi mwenyewe ndiye aliyewahi kushinikiza pawekwe skrini kubwa kwenye korido ya "kuonesha mafanikio kwa uwazi", basi uwazi ukaonekana: Ndiyo tatu katika kumi. Kila anayekwenda msalani anapita hapo. Kwenye grupu la ofisi mafundi wakatengeneza stika ya ile picha yake ya mikono iliyokunjwa, chini imeandikwa "Kiwango chako cha wasiwasi?" Mpaka mhasibu aliituma.

Siku ya kumi macho yalikuwa mekundu. Siku ya ishirini alikuja kikaoni kavaa viatu viwili visivyojuana. Siku ya thelathini na tatu alishuka chini ya ngazi, akajigonga, akakaa kwenye ndoo.

"Dada. Wewe huwa unawaambia nini?"

Nipo alimtazama. Alikuwa amekonda kidogo, maskini. Kama wewe ungemhurumia, wewe ni mtu mwema na Mungu akubariki. Nipo aliliona lile koti.

"Si yote yamo kwenye Mwongozo wako, bosi? Uliandika vizuri sana."

Simu ikamlilia mfukoni. Akatoka anakimbia. Boriti ikamuaga.

Halafu, jamani, mambo yakageuka. Wiki ya sita ile skrini ikaandika sita. Wiki ya saba, saba. Wiki ya nane ikafika nane na nusu, na Slaidi akaanza tena kupiga mluzi kwenye ngazi. Wenzake Nipo wa zamu wakaacha kumtazama usoni. Waraka aliuandika yeye, na wao wana watoto. Nipo mwenyewe akaanza kubeba vitu vyake nyumbani kidogokidogo: kikombe, kalenda, kandambili za ofisini. Jioni alikuwa akiukuta uso wa shangazi, anageuzia wake ukutani.

"Labda amejifunza," akasema siku moja.

"Mtu asiyesoma anajifunza kwa mlango gani?" shangazi akajibu, ila hakuwa na mzaha sautini. Alikuwa anafuta miwani ambayo ilishakuwa safi.

Siku ya hamsini na nane, saa nne asubuhi, kengele ya lifti ya jengo mojawapo la majaribio ikaita mezani kwa Nipo. Watu wa majengo yale walikuwa wanatumia programu, lakini kitufe cha zamani kilikuwa hakijaondolewa.

"Nipo."

"Ni wewe, yule binti wa mapazia?" Sauti ya mama mtu mzima, kali, isiyo na hofu yoyote. "Uliweka ya bluu?"

Nipo akaitambua. Alishawahi kumhudumia miaka mitatu nyuma. Huyu alikuwa mama mkwe wa Mkurugenzi, mjane wa mwanzilishi wa kampuni, na hisa kubwa zilikuwa kwenye mkoba wake. Ndiyo kusema, ukimwona Mkurugenzi anatembea wima, mgongo kaazimwa na huyu.

"Niliweka ya bluu, mama. Umekwama wapi?"

"Kati ya ghorofa ya nne na ya tano. Nimebonyeza hiki kidubwana chenu cha kwenye simu, akaja kijana ananiuliza wasiwasi wangu ni ngapi. Nikamwambia, wewe mtoto, wasiwasi wangu ni wewe. Unajua alinijibu nini? 'Mama, ukitoka ukibonyeza Ndiyo, nakutumia vocha.' Vocha! Mimi nimening'inia hapa kama nguo mbichi, ananihonga!"

Nipo alifumba macho. Nane na nusu. Kumbe ni vocha za simu.

Sasa angeweza kusema mengi. Angeweza kulia, kusimulia daftari, koti, fagio. Mama angesikiliza, hakuwa na pa kwenda. Lakini Nipo alikuwa na dakika kumi na mbili za fundi kufika, na mtu aliyekwama hatulii mpaka aombwe msaada. Akafikiria amwombe msaada gani. Angeweza kuuliza lolote. Akatabasamu.

"Pole, mama. Fundi yuko njiani. Sasa nisaidie kitu. Nataka kumnunulia shangazi yangu miwani mipya. Fremu nyeusi au ya kahawia?"

"Shangazi mwenyewe mtu wa namna gani?"

"Ukikosea ananuna."

"Nyeusi! Kahawia ni ya watu waliokata tamaa." Na wakaendelea hapo, upana wa fremu, kamba ya shingoni, mpaka mlango ukafunguliwa na mama akasikika anamwambia fundi, "Ngoja kidogo, naongea."

Kesho yake kikao kikaitishwa. Mama alikaa kwenye kiti cha Mkurugenzi, Mkurugenzi akakaa cha pembeni kama mwanafunzi aliyechelewa. Nipo aliitwa asimame karibu na mlango. Slaidi akaeleza kuhusu vocha. Alisema ni "motisha kwa mtumiaji". Alikuwa na slaidi.

"Zima hiyo," mama akasema. Ikazimwa. "Ukitoa watu uliowahonga, zinabaki ngapi?"

Kijana wa kompyuta akahesabu, akanong'ona: "Nne katika kumi, mama."

Slaidi jasho likamtoka, na mtu akitokwa jasho anashika kilicho karibu. Yeye akashika kile kioo cha tuzo. "Mama, kwa heshima, mimi si mgeni katika kazi hii. Mimi ndiye niliyeandika Mwongozo."

"Wewe?"

"Mimi mwenyewe. Hatua zote, mama. Kila hatua imetoka kichwani kwangu."

Kikasikika mlangoni kikohozi kidogo, cha adabu.

"Samahani, mama," Nipo akasema. "Bosi atusomee basi ile ya kumi na nne. Mimi naipenda sana."

Mwongozo ulikuwa pale mezani, wa Mkurugenzi, mpya kama siku ulipochapwa. Slaidi akaufungua kwa kujiamini. Ukurasa wa tano. Akavuta pumzi.

"'Hatua ya kumi na nne. Miwani ya...'"

Akausogeza Mwongozo karibu na macho.

"Endelea," Mkurugenzi akasema, ualimu umempanda. "Kwa sauti."

"'...ya shangazi. Fremu nyeusi, si ya kahawia. Asije... asije akanuna.'"

Fundi aliyekuwa amesimama dirishani akageuka kuangalia nje, mabega yanatetemeka. Mama mkwe aliuvuta ule Mwongozo, akasoma mwenyewe, polepole, kidole kwenye mstari. Hapo ukaelewa mkwe wake alijifunza kwa nani. Halafu akainua macho.

"Kijana, wewe una shangazi?"

"Hapana, mama. Baba yangu alizaliwa peke yake."

"Kwa sababu hii miwani mimi naifahamu. Jana niliishauri nikiwa ndani ya lifti." Akamgeukia Nipo. "Haya uliyaandika wapi kwanza? Una daftari?"

Nipo alikuwa nalo kwapani. Tangu asubuhi. Akaliweka mezani, la kijani, duara la kahawa likiwa juu, na ukurasa ukafunguka wenyewe pale pembeni penye mwandiko wa kulalia kushoto.

Yaliyofuata yalikwenda haraka. Mwongozo utachapwa upya kwa jina lake. Mradi ukabadilishwa mikono. Sauti ya mashine itatengenezwa kutokana na simu za Nipo, mapazia na kila kitu, na chumba cha simu kitabaki kwa ajili ya wale ambao mashine haitawatosha. Chumba chenye dirisha kirudi kwa wenyewe. Mkurugenzi aliongea yote hayo bila kupumua, mara anamtazama mama mkwe, mara Nipo. Mwisho akafika alipokuwa anapaogopa.

"Na huyu? Naona tumfukuze tu."

Slaidi akageuka. Alimwangalia Nipo, yale macho mekundu ya siku hamsini na tisa, na kwa mara ya kwanza yalikuwa yanaomba kweli. Nadhani alikuwa anaomba afukuzwe.

Nipo alifikiri. Asiseme mtu kwamba hakufikiri.

"Hapana, Mkurugenzi. Akifukuzwa, simu za programu atapokea nani? Waraka unasema siku tisini, na muda hautapunguzwa. Sahihi yake ile pale." Akainyooshea kidole kimoja, mkia wa tumbili na vyote. "Zimebaki thelathini na moja. Tuheshimu waraka."

"Bila vocha," mama akaongeza.

"Bila vocha, mama."

Jumatatu Nipo alirudisha kikombe, kalenda na kandambili kwenye chumba chenye dirisha. Shangazi alimpa ua kwenye kopo aweke kizingitini, na akamtumia ujumbe wa maneno mawili: "Vifungo vyote." Kazi ya kwanza Nipo aliyofanya pale ilikuwa kushuka ngazi.

Slaidi alikuwa ndiyo anahamia. Kaweka kompyuta juu ya ndoo, kaegemeza kioo cha tuzo kwenye lile fagio. Chini ya ngazi hakuna upepo, na yeye alikuwa bado kavaa koti, lilelile, jasho linamtiririka shingoni. Alipomwona Nipo akasimama kwa heshima. Boriti haikukosa.

Simu ikalia. Abiria, ghorofa ya tisa. Slaidi akaitazama simu, akamtazama Nipo, akafungua mdomo kama mtu anayetaka kuuliza kitu kimoja tu, kimoja.

Nipo angeweza kumwambia. Ni sentensi moja. Nisaidie kitu.

Akatabasamu, akanyoosha mkono.

"Pokea, bosi, mtu anasubiri. Lete koti nikushikie. Lisijikunje."